Kofi ya Mama na Kasiksi ya Faustin

Mama alinipiga kofi siku moja juu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nilikuwa mutoto kule Mumosho, mugeni alifika, nikamupa kibuyu cha pombe bila kuonja. Kwetu mwenye nyumba anakunywa mbele, mugeni aone hakuna sumu. Yule mugeni alikuwa na sikio moja tu, lingine sijui lilienda wapi, tuache ile. Kofi ndiyo ninataka kusema.

Nilikomaa, nikaja mujini, Nguba, kushona nguo. Jirani yangu Faustin alikuwa kinyozi. Mama yake iko ngambo ya muto Ruzizi, inchi ingine, na hatukuona kama ni kitu. Tulisikilizaka radio pamoja, kibuyu katikati, miye ninaonja kwanza juu ya ile kofi. Mukubwa wa inchi ya huku anasema hii udongo ni yetu tangu babu. Wa kule anasema babu yake ndiye alitangulia. Wanaenda kuzungumuza kwa hoteli ya mbali, wanapigwa foto, wanarudia kila mutu na hasira yake.

"Papa Zawadi," Faustin aliniuliza, "hawa wababu walilima udongo yote hii na jembe gani?"

Tulicheka. Kisha vita ikaanza, inchi ingine ikaingia kusaidia, na ingine, mpaka askari wakatukana watu kwa luga hatujasikia.

Wakaingia kwangu muchana.

"Wanaume inje!"

Bibi yangu, mama ya watoto, alishika shati yangu.

Faustin aliingia nyuma yao. Akachukua kibuyu changu, akakunywa yeye kwanza, akamunyooshea mukubwa wao.

Yule mukubwa, midomo yake ilikuwa imepasuka na kiu. Akaangalia kibuyu, akamwangalia Faustin.

"Hii nyumba ya nani?" aliuliza na Swahili ya kuvunjika.

"Yangu. Huyu ni kaka yangu. Kunywa, ao mama yako asikie ulikataa?"

Akakunywa. Kwao vilevile, ukikunywa kwa mutu haumushike tena. Wakatoka.

Kwa Papa Deo, nyumba ya pili, hakukuwa mutu wa kuonja. Tulimuzika.

Miye niko muzee, niko na wajukuu. Ninashukuru ile kofi, ninashukuru Faustin zaidi. Lakini wakati ule majirani wa avenue yote walisikia amezungumuza na askari. Wakaanza kusema: huyu ni mutu wao. Hakuna aliyenyolewa kwake tena. Nilisema, nikapiga kelele, wapi.

Asubuhi moja alifunga mulango.

"Ninaenda kuangalia mama."

"Utarudia?"

"Weka kasiksi, Papa Zawadi. Na uonje."

Akashuka na njia ya Ruzizi, taulo ya kunyolea ingali kwa bega. Hakurudia.