Fundi Aliyeonja Injini

Dufie alikuwa ameshafunga furushi lake. Alilificha nyuma ya meko, pale anapouzia fufu na supu ya karanga, jirani kabisa na gereji ya mumewe, Yaw Barimah, huko Suame, mtaa wa mafundi wa Kumasi. Alikuwa anarudi kwao Mampong, kwa mama yake, na safari hii hakuwa na mpango wa kurejea. Alichongoja ni wateja wa mchana wamalize kula. Hasira ni hasira, lakini supu haimwagwi.

Yote yalianza kwa swali. Juzi alimfuata Barimah kitini pake, akamuuliza bila kuzunguka: "Baba Pokuaa, nikuletee supu, au nirudi zangu kwa mama?"

Barimah akatabasamu. "Vyote viwili, mke wangu."

Wala hakukejeli! Alisema kwa upole, kama mtu anayeongezewa nyama.

Mwanamume huyu alibadilika tangu tairi la lori lilipopasuka karibu na kichwa chake akilijaza upepo. Siku ile alitoka vumbini anacheka, akasema hajambo, na Suame nzima ikamsifu kwa ugumu. Tangu hapo ukimsemesha ni "sawa" na "ndiyo, ndiyo". Dufie alimwambia paa linavuja, akajibu, "Mungu amlaze pema."

Ungedhani ni masikio, na Dufie aliwahi kudhani hivyo. Lakini kiziwi gani anatambua beringi iliyochoka katikati ya mngurumo wa injini? Magari yalizidi kuja kwake, na mbwembwe zikazidi. Zamani, kama mafundi wote, aliegemeza mpini wa bisibisi sikioni na ncha kwenye injini. Sasa mpini aliung'ata kwa meno, macho kayafumba.

"Masta, chumvi imekolea?" majirani walimtania.

Basi injini inasikilizwa, mke hasikilizwi. Hilo ndilo lililomuuma Dufie.

Mchana ule likaingia lori la viazi vikuu, lenye maandishi *Acha Waseme* mgongoni, likigonga ko-ko-ko. Dereva wake, Nti, alishuka nusura alie.

"Masta, nimekwisha! Fundi wa kule juu kasema injini ishushwe yote!" Alikuwa akipiga ngumi kiganjani kuigiza kule kugonga.

Barimah alimkodolea macho midomoni na mikononi, akaitika, akachukua bisibisi. Dufie naye akaja akasimama nyuma yao, furushi kichwani. Alitaka kuaga mbele za watu, asije mtu akasema hakuambiwa.

Barimah aling'ata. Ncha kwenye ubavu wa injini: akatikisa kichwa. Ncha kwenye pampu ya maji: akakunja uso kama aliyeng'ata jiwe kwenye wali. Akaamuru izimwe, akaufungua mkanda unaozungusha pampu, akaamuru iwashwe kidogo tu, akang'ata tena. Ile ko-ko-ko haikusikika tena. Ugonjwa ungekuwa ndani ya injini, ungeendelea kugonga mkanda uwepo usiwepo. Pampu iliposimama, kelele ilisimama nayo.

"Beringi ya pampu," akasema. "Injini yako ni nzima. Huyo fundi wako ashushe sauti, si injini."

Watu wakaangua kicheko. Hapo hapo lori jingine lililotaka kupita likapiga honi ya upepo kisogoni kwa Barimah. Nti aliruka. Kuku wakatawanyika. Dufie nusura aangushe furushi. Barimah alikuwa anafuta bisibisi yake, hata ukope haukucheza.

Dufie akamtazama. Akaitazama bisibisi, mpini wake umejaa alama za meno. Akalikumbuka tairi. Kumbe! Mlio ulikuwa unapanda na chuma, unapita menoni, unafuata mfupa wa taya hadi ndani kabisa ya sikio, kwa mlango wa nyuma. Ule wa mbele ulikwisha kuharibika. Aliona haya, akaona huruma, kisha akakasirika upya: mtu mzima anaogopa kukimbiwa na wateja, anamficha hadi mkewe!

Akatua furushi. Akaenda mekoni, akaosha mwiko, akarudi na kumtia mumewe mpini mdomoni. Akamwonyesha kwa meno yake mwenyewe: ng'ata. Barimah akang'ata, macho yamemtoka pima.

"Leo anaonja kweli!" mtu akapiga kelele.

Dufie hakumjali. Upande wa pili wa mwiko aliukandamiza kooni pake, chini ya kidevu, akasema polepole.

"Baba Pokuaa. Nilikuuliza hivi: nikuletee supu, au nirudi kwa mama?"

Barimah aliganda. Macho yakashuka hadi kwenye furushi, yakapanda tena kwa mkewe. Akautoa mwiko mdomoni.

"Supu," akasema. "Supu peke yake."