Ng'ombe wa Mabula kwenye Barua Pepe ya Evaline

Pap!

Hivyo ndivyo ulivyolia muhuri wa IMEPOKELEWA katika masijala ya ofisi moja mjini Mpanda, na kwa miaka thelathini na mmoja mkono ulioupiga ulikuwa wa Evaline. Wakubwa walikuja wakahamishwa, paa lilivuja masika baada ya masika, mchwa wakajaribu bahati yao kwenye kabati la chini. Evaline alistaafu akiwa hajapoteza jalada hata moja. Mpaka leo, nyumbani kwake Ilembo, akiletewa kadi ya harusi huiandika tarehe pembeni kabla hajaisoma.

Kwa hiyo ilikuwa aibu, Jumanne ile, bintiye Lucia alipopiga simu kutoka Tabora.

"Mama, barua yangu ya usaili inarudi. Wametuma mara tatu. Wanasema barua pepe yako imejaa."

"Imejaa vipi? Si nimelipia nafasi wiki iliyopita?"

Lucia ni muuguzi. Alipokuwa akiomba kazi alikuwa ameibiwa simu, akaandika anwani ya mama yake, maana hakujua mahali salama zaidi pa kupokelea karatasi. Sasa anwani haibadilishwi, na hospitali ilimwambia itatuma mara ya mwisho saa tisa alasiri. Ikirudi tena, ataitwa mwingine.

Saa nne Evaline alikuwa ameshafika sokoni, kwenye kibanda cha Maiko, fundi aliyemuuzia simu na kumfungulia barua pepe siku hiyohiyo.

"Shikamoo, Mama Lucia."

"Marahaba. Nilikuwa na GB kumi na tano, nimeongeza mpaka mia. Matangazo nimefuta yote, moja moja. Bado imejaa. Nani anakula humo?"

Maiko akasema labda nyongeza imechelewa kuonekana, wakati mwingine inachukua siku nzima. Akaizima simu, akaiwasha. GB mia zilikuwepo. Zote zimejaa. Akafungua picha.

Ng'ombe. Ng'ombe mweupe, ubavu wa kulia. Yuleyule, ubavu wa kushoto. Ng'ombe mwenye pembe moja. Kisha harusi ya watu asiowajua, magunia ya mpunga, mtoto kakaa ndani ya beseni, halafu ng'ombe tena.

"Mimi sina hata kuku," alisema Evaline.

Maiko akaanza kukuna kichwa. Wateja wake wengi hawana barua pepe, alieleza, na ukimfungulia mtu, kesho kasahau namba ya siri, anarudi kukusumbua. Ile ya Mama Lucia yeye aliikumbuka vizuri. Basi akaiweka kwenye simu ya mteja aliyefuata. Na aliyefuata.

"Simu ngapi, Maiko?"

"Kama... thelathini na nane, mama."

Miezi yote picha za simu hizo zilikuwa zimepanga foleni nje, hakuna pa kuingia. Evaline alipoongeza nafasi, zikaingia zote kwa mkupuo.

Maiko akabadilisha namba ya siri, simu nyingine zote zikatolewa humo. Mmiminiko ukakoma, ila zilizokwisha kuingia hazikusogea.

"Sasa nafuta zote. Dakika moja tu."

"Ondoa kidole!" Sauti ile iliwahi kumrudisha mkuu wa idara aliyekuwa anatoka na jalada bila kusaini. "Kitu cha mtu hakiharibiwi mwenyewe hajaambiwa. Nipigie mwenye ng'ombe."

Mwenye ng'ombe alikuwa Mabula, mfugaji wa Kasansa, na alipotajiwa jina la anayepiga alifurahi.

"Wewe ndiye Mama Evaline? Lucia keshaitwa kazini?"

"Umemjuaje Lucia wangu?"

"Si barua zenu zinaingia huku kwangu? Nilidhani ndiyo magazeti ya simu. Wasifu wake nimesoma wote. Hesabu kapata D, lakini nimeshamsamehe."

Evaline akamtazama Maiko. Maiko akatazama dari.

"Baba, naomba ruhusa nifute ng'ombe wako."

"Ee mama! Wakiibiwa polisi nitawaonyesha nini? Kwenye simu nimeshawafuta, maana iliniambia wamehifadhiwa huko. Wako mia na arobaini, kila mmoja pande mbili!"

Wakapiga kwa wengine. Wapo ambao hawakupokea, wapo waliotukana, na Odeta wa Magamba akaruhusu zifutwe picha sita tu, bado ikaandika imejaa. Saa nane ikapita.

"Basi tafuta kilicho changu," alisema Evaline. "Kikubwa kuliko vyote."

Ilikuwa video ya dakika hamsini na nane. Mwanaume kalala kwenye kochi, gazeti usoni, na gazeti linapanda na kushuka kwa mkoromo wa kutisha.

"Huyu nani?"

"Marehemu mume wangu. Antoni."

Walibishana miaka ishirini na sita. Antoni alikataa katakata kwamba anakoroma. Jumapili moja baada ya chakula Evaline akamrekodi, akamwonyesha. Antoni akasikiliza kwa makini mpaka mwisho, akasema, "Uso umefunikwa. Nani kakwambia ni mimi?" Mwaka uliofuata akafariki, hajakiri.

"Tuihamishie kwenye flashi kwanza, mama."

"Kwa mtandao huu, mpaka saa ngapi?"

Maiko akaangalia. "Labda saa mbili usiku."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika ishirini. Evaline akasikiliza dakika nzima, simu kaisogeza sikioni. Kisha akabonyeza kufuta.

"Bado, mama. Iko kwenye pipa, na pipa nalo linakula nafasi. Ubonyeze tena."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Akabonyeza.

Saa tisa na dakika nne simu ikatetemeka, barua ya hospitali imeingia. Jina la Lucia, tarehe, mahali, yote yalikuwepo. Evaline alipomsomea bintiye kwenye simu ya Maiko, kelele za furaha ziligeuza shingo za wauza dagaa upande wa pili. Maiko akapewa karatasi aandike majina ya watu thelathini na nane, waje Jumamosi kuchukua picha zao, na kila mmoja asaini.

Alipokuwa ameinama anaandika, Evaline aligeukia ukuta wa makava ya simu, akasema taratibu, hata Maiko akadhani anauliza bei:

"Haya, Antoni. Kesi umeshinda."