Nani Alibaki Zura? Mtafsiri wa Filamu Anaswa na Hadithi Yake

Saa nane mchana, Soweto jijini Mbeya. Banda la video limejaa, watu wamejikunyata ndani ya makoti, na Alinanuswe ameshika maiki kando ya televisheni. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya kutafsiri filamu, ameishusha kutoka mdomoni.

Kwenye skrini, nahodha wa chombo cha anga katika tamthilia ya Kiingereza anasimulia yaliyotokea mahali paitwapo Zura.

Kwa misimu mitatu nahodha huyo alikuwa akilitaja jina hilo tu. Akiulizwa kuhusu kovu la shingoni, hujibu kwamba alilipata Zura, kisha anageukia mambo mengine. Watazamaji, wanaolipa shilingi 500 kila mmoja, hawakukubali kuachwa njiani.

"Tamthilia haisemi, wateja wananidai mimi," anasema Alinanuswe (38). "Nikawatungia."

Penye mapigano yasiyo na maneno, akamchomeka mpishi wa chomboni aliyebaki Zura na kufunga mlango kwa ndani ili wenzake wapone. Akampa jina la Ombeni. Watu wazima walilia. Esnath, anayeleta mchele Soweto kutoka Ubaruku kila wiki, alikwenda mbali zaidi: alipojifungua, mwanawe akamwita Ombeni. Alinanuswe alijua, akanyamaza.

Leo msimu wa nne umemuumbua. Nahodha anakiri kwamba alikimbia peke yake bila kugeuka nyuma, na kwamba Zura hakukuwa na shujaa yeyote.

Esnath yuko benchi la mbele, mtoto mapajani.

"Nilimwona Esnath pale mbele," Alinanuswe ananiambia baadaye. "Nikisema kweli, namharibia mtoto jina. Nikidanganya, wanaojua Kiingereza wamo humo humo."

Akatafsiri kweli yote, halafu akakiri kwamba mpishi alimtunga mwenyewe. Hata mimi, niliyekaa benchi la nyuma, nilikuwa nimeshamwamini yule mpishi.

Esnath akainuka taratibu.

"Kaka Alinanuswe, huyo nahodha si anasema alikimbia? Hata nyuma hakugeuka. Sasa atajuaje nani alibaki?"

Akakaa. Hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio.

Alinanuswe sasa anatafuta kinasa sauti cha kuazima, arekodi hadithi ya mpishi peke yake, bila tamthilia ya mtu. Ataanzia pale mlango ulipofungwa.

"Yule mtoto akikua ataniuliza mle ndani kulitokea nini," anasema. "Siwezi kumwambia kwamba nahodha hakusema."