Gari Lililomkimbia Mama

Usukani ulikuwa unazunguka, na kwenye kiti cha dereva hapakuwa na mutu.

Naapa. Saa nne asubuhi, barabara ya Mantapala.

Mimi nilikaa kushoto, mbele ya usukani wa pili. Nyuma yangu Ba Rodwell, mwanafunzi kutoka Lusaka, na kompyuta yake. Alikuwa anapima: gari likijiendesha, mutu anakawia kiasi gani kulichukua tena?

"Angalia simu tu. Kengele ikilia, kamata usukani."

"Ba Rodwell, hata kinga ya magurudumu mawili sijawahi kuendesha."

"Ndiyo sababu tunakutaka."

Sikumwamini.

Siku zile sikumwamini mutu yeyote. Bwana yangu Pitchou alisema anavua kule ziwani Kashikishi, lakini kila jioni alirudi nguo kavu, bila hata samaki mmoja. Mimi na haya zangu, sikumuuliza. Nilishafunga nguo zangu kwenye kitenge. Jumamosi ningerudi kwa mama.

Basi, gari linatembea vizuri. Mbele akatokea mama yangu mwenyewe, beseni la mihogo kichwani.

Kengele haikulia.

Gari likakata kona, likaingia kwenye majani, likazima.

"Kuna nini? Barabara ni safi!" Ba Rodwell akafoka.

Kwetu, anayemkimbia mama namna hiyo ni mukwe wake tu, bwana ya binti yake, kwa heshima. Na mama yangu ana mukwe mmoja.

Nikabonyeza kile kiti kitupu. Kilikuwa na joto.

"Pitchou?"

"Usiite kwa nguvu," kiti kikanong'ona. "Mama atasikia."

Mama alishafika. Akafungua mlango wa dereva.

"Plamedie! Njo lenyewe hili, gari la bila dereva? Acha nipumzike kidogo."

Akageuza makalio.

Nikamdaka kiuno. "Mama, hapana! Kiti kina umeme!"

Mihogo ikamwagika. Akaiokota, akaenda zake akinitukana.

Pitchou akavua ile foronya ya kiti, jasho linamtiririka. Gari halikujiendesha hata siku moja. Ni yeye, ndani ya kitambaa, na alisaini karatasi ya Ba Rodwell kwamba hatamwambia mutu, hata bibi yake.

"Ulifikiri niko wapi?"

"Kwa mwanamuke."

"Ndani ya kiti?"

Ba Rodwell alikuwa anaangalia saa yake. "Sekunde moja tu, ukamdaka mama. Madereva wote niliopima hawakukufikia."

Dada zangu, mukiwa na mashaka, ulizeni mapema. Mimi nilinyamaza miezi miwili, na swali lenyewe lilikuwa la maneno mawili tu: unatoka wapi?