Madirisha ya Saa Moja

Kahaso Nyale alikuwa na sababu ya kuyashuku madirisha. Huko Junju, alikofanya kazi za nyumbani miaka sita, mwajiri wake mwishowe alianza kufungua dirisha kila Kahaso alipoingia jikoni. Wiki ya tatu ya kufungua huko akamwambia ananuka moshi wa kuni, asirudi tena. Moshi kweli ulikuwapo, maana kwake alipikia kuni, lakini maneno yale yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Basi alipopata kazi Kuruwitu kwa Hannelore, Mjerumani, mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake, alimchunguza tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi saa moja Kahaso alibisha hodi, akaamkia, akatundika mkoba wake. Hapo hapo yule mama akapita chumba hadi chumba, akiyafungua madirisha yote hadi mwisho, kisha akatazama saa. Dakika kumi zilipotimia, aliyafunga yote.

"Ni mimi ninayefukuzwa," Kahaso alimwambia jirani yake, Monicah. "Mimi na harufu yangu."

"Au anafukuza pepo," Monicah akasema. "Wazungu nao wana mambo yao."

Kahaso akaanza kuoga mara mbili kabla ya kwenda kazini. Siku moja akafukiza nguo zake udi. Siku hiyo madirisha yalikaa wazi dakika ishirini.

Wiki hiyo hiyo, joto la mchana lilipozidi, alifungua mlango wa jikoni na dirisha la sebuleni ili upepo wa bahari upite. Hannelore akatoka chumbani mbio, kajishika shingo.

"Kahaso, upepo unapita! Shingo yangu itakufa."

Jasho lilikuwa likimtiririka, naye akajifunga skafu. Kahaso alifunga mlango kimya kimya, lakini shaka yake ikazaa nyingine. Mtu anayeipenda hewa kiasi kile, mbona auogope upepo? Kwani upepo ni nini, kama si hewa iliyoamua kutembea?

Jumatano akafika saa kumi na mbili u nusu, akajibanza nje, nyuma ya ua wa michongoma. Ilipogonga saa moja, madirisha yakafunguka, moja baada ya jingine, na yeye hayumo ndani. Moyo ukamtua. Kisha akajiuliza kama harufu yake imevuka ua. Akaona heri aingie aulize.

"Mama, nikuulize jambo, na usinifiche. Mimi nanuka?"

Hannelore akaketi. "Nani amekuambia?"

"Madirisha."

Mama wa watu akaeleza. Utotoni kwao, wakati wa baridi, nyumba ilifungwa kutwa, kuta zikaota ukungu mweusi, na mdogo wake akaugua kifua. Tangu hapo mama yake alifungua madirisha kila asubuhi, hata theluji ikianguka. Hannelore mwenyewe sasa ana miaka sabini na miwili, na hajaacha.

"Na ile siku ya dakika ishirini?"

"Siku ile nilipiga chafya sana. Ulikuja na udi."

Kahaso akainamisha uso. "Na upepo je?"

"Upepo wa kupita ni kitu kingine. Unashika shingo."

"Umewahi kukushika?"

Hannelore akafikiri. "Hapana. Kwa sababu ninafunga."

Wakapatana kwamba mchana, Kahaso akitaka kupoza nyumba, atasema kwanza, naye Hannelore atoke akakae barazani hadi milango ifungwe. Siku ya kwanza ya mapatano yao, Kahaso alichungulia akamwona barazani, upepo wa bahari ukizitimua nywele zake, shingo wazi, anasoma kitabu.

"Mama, na huo?"

"Huu haupiti," Hannelore akajibu. "Huu unakuja tu."

Mwaka wa nne sasa Kahaso yuko pale pale, na Monicah akimuuliza habari za Mjerumani wake, humwambia kwamba ni mtu mwema, lakini bado anamchunguza.