Nilimwita Mwanangu Mwali, Nikamkosesha Shule

Kosa ni langu. Na kabla hujaniuliza, hapana, sikulewa wala sikurogwa. Nilidanganya kwa akili zangu timamu, mchana kweupe, chanuo mkononi na kichwa cha mteja magotini. Jina langu siliandiki kwa sababu Mbagala hii tunajuana, na bado nahitaji vichwa vya kusuka.

Nitacheka kwanza, nikianza kulia sitamaliza kuandika.

Nina binti, hapa nitamwita Zuhura. Ana miaka kumi na mitano na ana usonji. Usonji si ukichaa, si mapepo, na wala hauambukizi, ingawa tulipokuwa Manzese jirani mmoja alikuwa akimwondoa mwanawe kwenye mkeka kila Zuhura alipokaa. Ndiyo maana tulipohamia huku neno usonji sikulitamka kwa mtu. Watu waliona mtoto mpole tu, mie nikaacha waone hivyohivyo.

Zuhura haongei sana, na akiongea mara nyingi anakurudishia maneno yako mwenyewe. Ukimwambia "Hujambo Zuhura?" naye anakwambia "Hujambo Zuhura?" Hamwangalii mtu usoni. Kelele zinamuumiza masikio mpaka analia. Lakini akifurahi, mwenzangu! Anaruka na kupiga makofi mpaka na wewe unajikuta unaruka naye.

Alikuwa anasoma kitengo maalumu, lile darasa la watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya msingi. Mwisho wa mwaka mwalimu wake akaniita.

"Mama Zuhura, mwenzetu kakua, hapa umri umempita. Ila kuna kituo cha ufundi cha vijana wa aina yake. Wanafundishwa kupika, kushona, kujitegemea. Gari linawafuata nyumbani, chakula cha mchana wanapewa, bima ya afya wanakatiwa, vyote bure. Jina nimeshapeleka. Watu wa ustawi wa jamii watakuja kwako kumwona mtoto, wakiridhika anaanza."

Gari mpaka mlangoni! Chakula! Bima! Nilitoka pale nacheka peke yangu, mpaka kondakta akaniuliza kama nimeposwa.

Basi tukasubiri. Shule zikafunguliwa, watoto wa mtaa wakavaa sare, Zuhura wangu akabaki na mie saluni. Saluni yenyewe ni kibanda tu mbele ya nyumba. Nilikuwa nampa rasta, zile nywele za kusukia, azipange kwa rangi, na anazipanga vizuri kuliko mie. Tatizo ni drai, ile mashine ya kukaushia nywele. Mteja akikaa chini yake, Zuhura anaizima kwa sababu ya kelele, anarudi kukaa, hana habari.

Na maswali yakaanza. Huyu mbona yupo? Haendi shule? Kafukuzwa? Kila siku, kila mteja, jamani!

Aliyeongoza kwa kuuliza alikuwa Bi Tatu, jirani yangu wa ukuta mmoja. Bi Tatu ni mtu mzima, ana huruma ya kweli, ila mdomo wake Mungu alisahau kuutia breki. Siku hiyo namsuka yeye, nimefika katikati ya kichwa, akasema kwa sauti:

"Mwanangu, mie nakuuliza kama mama yako. Shule imemshinda huyu mtoto, eti?"

Saluni nzima ikatega masikio. Nikauona ule mkeka wa Manzese mbele ya macho yangu. Ningeweza kusema tu kwamba anasubiri nafasi. Ndiyo ukweli, na haukuwa na ubaya wowote. Badala yake mdomo wangu ukasema:

"Zuhura mwali, Bi Tatu. Nimemweka ndani."

Sie Wazaramo msichana akivunja ungo anakuwa mwali. Anakaa ndani, anafundwa adabu na wakubwa, haonekani hovyo, mpaka siku ya kumtoa kwa ngoma. Mjini wengi tumeshaacha. Na Zuhura mwenyewe alivunja ungo mwaka juzi, tukayamaliza kimyakimya mie na yeye. Kwa hiyo nilikuwa nadanganya mara mbili kwa pumzi moja.

Bi Tatu aliruka kutoka magotini kwangu, nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama wima, akapiga vigelegele mpaka muuza duka wa ng'ambo akatoka kuangalia.

"Kumbe! Na wewe umekaa kimya! Ngoma niachie mie!"

Nikasema atasahau. Bi Tatu, asahau?

Kuanzia kesho yake maisha yalibadilika. Uji wa mwali ukaletwa. Kanga zikaletwa. Wanawake wakawa wanapita kumchungulia, wanatoka wamejishika vifua. "Mwali wako ana haya! Haangalii mtu usoni!" "Umemfunda! Hajibu wakubwa, anarudia tu anachoambiwa!" "Siku hizi wapo wapi watoto wa hivi?"

Wallahi nakwambia ukweli, hapo ndipo nilipopotea. Mambo yaleyale yaliyomfanya mwanangu aondolewe mkekani Manzese, Mbagala yakawa sifa! Miaka kumi na mitano sijawahi kusikia mtu akinisifia Zuhura. Nilikuwa nayasikia nalewa. Wakisifia kidogo, mie naongeza. "Na usiku nisipomwamsha kusali anaamka mwenyewe!" Anaamka kweli, ila kucheza na swichi ya taa.

Hata mjumbe wetu wa mtaa, Mzee Sefu, akaja kutoa hongera zake. Alisimama kizingitini kwa adabu, ndevu nyeupe, fimbo mkononi. Mie asubuhi ile nilikuwa nimemkanya Zuhura asitoke, kwa hiyo Zuhura akamwangalia mzee wa watu kiunoni, akamrudishia maneno yangu kwa sauti kavu:

"Wewe ni mwali. Kaa ndani."

Nilitamani ardhi ipasuke! Mzee Sefu akatazama ndevu zake, akacheka mpaka fimbo ikaanguka.

"Haya, mwanangu. Basi na mie mnitafutie kungwi wa kunifunda."

Tulicheka mtaa mzima wiki nzima. Uongo mtamu, tena ukiwa na chai.

Sasa sikiliza. Siku moja nilikwenda Kariakoo kununua rasta, Zuhura nikamwacha kwa Bi Tatu. Narudi, namkuta Bi Tatu kasimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni, uso unang'aa.

"Leo nimekulindia heshima yako!"

"Kuna nini tena?"

"Wamekuja vijana wawili wa serikali, sijui ustawi gani. Eti wanamtafuta Zuhura, mtoto mwenye ulemavu. Ulemavu! Nikawaambia mkome! Huyu mwali wa watu, haonwi na wanaume, na nuksi yenu mpeleke kwingine. Mzee Sefu naye kashuhudia, kawaambia huyo binti ni mwali, mzima wa afya, namjua mie."

Nikauliza, "Wakasemaje?"

"Wakasema labda jina limekosewa. Wakaenda kwa mtoto mwingine, yupo anayengoja nafasi. Si umeona? Nimewafukuza!"

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia ahsante. Ahsante, Bi Tatu! Nikaingia ndani, nikauma kanga.

Na hapa ndipo kosa langu lenyewe lilipo. Uongo wa kwanza ulinitoka tu, sikuupanga. Lakini kesho yake asubuhi nilikuwa na miguu ya kwenda ustawi wa jamii kusema ukweli, na sikwenda. Nikasema nitakwenda ngoma ikipita. Bi Tatu alishachagua kanga za sare, mbuzi alishanunuliwa, wapiga ngoma walishaambiwa kule Mkuranga. Niliona aibu ya mbuzi kuliko shule ya mwanangu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Usonji si maradhi, lakini kuficha ni kulekule.

Siku ya ngoma ikafika, Jumamosi mchana. Turubai mtaani, pilau linanukia, wanawake kanga moja rangi moja. Ngoma za Mkuranga zikawekwa tayari, bado hazijapigwa. Na kwa kuwa Mbagala ni Mbagala, vijana wakaleta na spika za muziki wa singeli, zimepangwa kufika dirishani kwangu.

Zuhura alikaa mkekani kafunikwa kanga, katulia, anahesabu maua ya kanga kwa kidole. Nikajipa moyo kwamba labda itapita.

Di-jei akabonyeza.

Mwanangu alipiga ukelele ambao sitausahau. Akaziba masikio, akaanza kujipiga kichwani. Wanawake wakasema, "Mwali analia! Baraka hizo!" Vigelegele vikaongezeka, na di-jei kusikia vigelegele naye akaongeza sauti!

Nikakimbia. Nikapokonya kipaza sauti, nikapiga kelele, "Zima! Zima!" Di-jei akadhani nimepandwa na mzuka, akanionyesha dole gumba, akaongeza tena! Mama mmoja akaja kunitunza noti! Basi nikaona isiwe tabu, nikauvuta waya wote ukutani, kelele ikakatika. Nikasimama pale na waya mkononi, kilemba kimefika begani.

Sikuhitaji tena kipaza sauti, maana watu wote walikuwa wananitazama.

"Jamani, huyu si mwali. Alishavunja ungo zamani. Mwanangu ana usonji. Anaumia masikio, ndiyo maana analia. Shule yake ya zamani umri umempita, anangoja kituo, wale watu wa serikali walikuja kumpa nafasi. Niliwadanganya nyote. Niliona aibu."

Ikatoka sauti ya mtu fulani nyuma kule, mpaka leo sijamjua: "Kwa hiyo pilau?"

"Pilau litaliwa!" Bi Tatu akafoka. Halafu akanigeukia, sauti imeshuka. "Wale vijana... ndiyo walikuwa wanaleta shule yake?"

"Ndiyo, Bi Tatu."

"Na mie nikawafukuza. Kwa mdomo wangu huu."

Akakaa chini mchangani na kanga yake mpya, akalia. Bi Tatu wa hivyo sikuwa nimewahi kumwona, na nisingependa kumwona tena. Angenitukana ningeshukuru. Nilimtumia mama wa watu, upendo wake wote, kufunga mlango wa mwanangu!

Baadaye akafuta uso akaniuliza Zuhura anapenda nini. Nikasema makofi ya polepole. Basi wanawake wale wote, niliowadanganya miezi, wakakaa kwenye mikeka wakapiga makofi polepole bila ngoma. Zuhura akatoa mikono masikioni. Akasikiliza. Akasimama, akaanza kuruka, kanga ikamdondoka, kicheko chake kikasikika mtaa mzima. Tukaruka wote, mie, Bi Tatu, hadi Mzee Sefu na fimbo yake! Nilicheka siku ile kama sina deni la mtu.

Jumatatu tukaenda ustawi wa jamii watatu, mie, Bi Tatu na Mzee Sefu. Dada wa pale alituamkia vizuri, akasikiliza yote, akajiziba mdomo asicheke kwenye habari ya mwali. Lakini jibu halikubadilika. Nafasi ilijazwa siku ileile. Jina la Zuhura limerudishwa kwa wanaongoja, na mwaka mpya nafasi zikipatikana wataangalia.

Bi Tatu akataka kugomba. "Binti yangu, mtoe huyo mwingine, kosa ni langu!"

Nikamshika mkono. Mama wa yule mtoto mwingine alibishiwa hodi akasema ndiyo, huyu hapa. Nitamnyang'anya kwa haki ipi?

Sasa hivi Zuhura yupo nyumbani. Drai nimemwambia kila mteja kwamba itazimwa, asiyetaka akakaushe juani. Wakiniuliza kwa nini haendi shule, najibu ana usonji, anangoja nafasi, na nikishamaliza Bi Tatu anarudia kwa sauti kubwa zaidi, hata kwa wasiouliza. Wametokea akina mama wawili mtaa wa nyuma, wana watoto ndani, sikuwahi kujua. Hodi zinapigwa kwangu jioni, tunapiga soga, tunacheka.

Ila kila asubuhi gari la kituo linapita barabara kuu, watoto ndani, madirisha wazi. Zuhura amelizoea, hulikimbilia na mkoba mgongoni. Mara ya kwanza nilijaribu kumwambia si letu. Akanirudishia, "Si letu." Akaendelea kusimama.

Wewe unayesoma na una wako ndani, iwe umemficha kwa aibu, au umempa jina zuri kama mie, nakuomba. Mwambie jirani. Mwambie mjumbe. Mtoe mapema, hata bila ngoma.