Jiko la Mzee Nililolibana Hewa

Kazi yangu ni kumtunza mzee mmoja hapa Penrith, mji wa ughaibuni wenye baridi, na jambo hili bado linaniuma. Sebuleni ana jiko la kupasha nyumba joto, linalokula punje za mbao, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa. Baridi ilipopungua, nikalipunguza makali kama mama alivyonifundisha kwa jiko la makaa: unafunga mlango wa hewa, moto unabaki ukiwaka taratibu. Nilimweleza mzee kwa maringo, naye akanisifu.

Siku ya tatu kioo cha jiko kilikuwa cheusi tii na nyumba inanuka moshi. Binti yake aliponiuliza, nilisema punje zimeingia maji. Akampigia simu muuzaji wa punje, akamfokea mpaka nikaona haya.

Muuzaji akaja mwenyewe. Akavunja punje moja, nayo ilikuwa kavu kabisa. Akainama, akasukuma kishikizo cha mlango wa hewa, moto ukang'aa.

"Kukiwa na joto linazimwa, halibanwi hewa," akasema. "Nani alifunga hapa?"

Nikatazama zulia. Mzee akanishika mkono kwa fahari.

"Ni huyu. Mweleze, mwanangu, vile mama yako alivyokufundisha."